Kuwapeleka Wanafunzi wa Tabora na Kigoma Kwenye Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha: Mwongozo kwa Mwalimu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wa sekondari, na wale wa madarasa ya juu ya msingi, walioko Tabora na Kigoma, ambao wanafikiria kuwapeleka wanafunzi wao Arusha kuona Makumbusho ya Elimu Viumbe. Makumbusho hayo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa la Tanzania, nayo yamo ndani ya Boma, ngome ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1900 kwa ajili ya askari na utawala wao, ikaendelea kutumika kama ofisi za serikali, na mwaka 1987 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa hiyo mwalimu anayekata tiketi pale langoni anawaingiza wanafunzi katika ziara mbili kwa wakati mmoja, ya kwanza ikiwa ya viumbe na chimbuko la binadamu, na ya pili ikiwa ya jengo lenyewe. Ziara nyingi za shule hufanya ya kwanza kwa haraka na ya pili haifanyiki kabisa. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kila moja ipate muda wake.

Si Arusha peke yake ambako visukuku na viumbe vilivyokaushwa vimepewa hifadhi katika jengo lililojengwa kwa kazi nyingine. Katika mji wa Stralsund, kaskazini mwa Ujerumani, makumbusho ya bahari yamo ndani ya iliyokuwa monasteri ya Wadominiko, na mifupa ya nyangumi imetundikwa katika kanisa lao la zamani. Karibu na Pisa, nchini Italia, chuo kikuu cha mji huo kimeweka makumbusho yake ya viumbe katika monasteri ya Calci, iliyoanzishwa mwaka 1366 kwa ajili ya Wakartusi, watawa ambao kanuni yao ni ukimya na upweke. Sasa wanafunzi wa shule hupita humo wakitazama mifupa ya nyangumi iliyopangwa katika ukumbi mrefu. Hapa kwetu, Bagamoyo, nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876 imekuwa makumbusho ya misheni. Majengo ya namna hii hupendwa na makumbusho kwa sababu za kawaida kabisa: kuta zake nene hupunguza joto la mchana, vyumba vyake ni vingi, na hakuna mtu anayethubutu kuyabomoa. Tofauti ya Arusha ni kwamba waliolijenga jengo lile walikuwa askari waliokuja kutawala, na jambo hilo haliwezi kuachwa nje ya somo.

Hatua ya kwanza: chagueni swali kabla ya kuchagua tarehe

Kosa la kawaida katika ziara za shule ni kutafuta basi kwanza na somo baadaye. Anza darasani, wiki kadhaa kabla ya safari, kwa kuwauliza wanafunzi wanataka kujua nini kuhusu viumbe wanaoishi nao. Mwanafunzi wa Urambo au Sikonge hahitaji kuelezwa mbung'o ni nini, kwani amewahi kuumwa naye au amesikia ng'ombe wa jirani walivyokonda na kufa kwa nagana. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wengine, bali hulea buu mmoja tumboni hadi akomae, kisha humzaa, na buu huyo hujichimbia ardhini papo hapo na kuwa bundo. Ni wachache pia wanaojua kwamba mbung'o dume na jike wote hunyonya damu, tofauti na mbu ambaye jike peke yake ndiye mnyonyaji. Maarifa ya aina hii humfanya mwanafunzi aliangalie kabati la wadudu kwa jicho la mtu anayetafuta kitu.

Vivyo hivyo kwa nyuki. Tabora inajulikana nchi nzima kwa asali ya miombo, na karibu kila darasa lina mtoto ambaye babu yake ana mizinga msituni. Mtoto huyo apewe kazi ya kuleta maelezo ya nyuki wadogo wasiouma, wanaotengeneza asali yao katika mashimo ya miti, na namna wanavyotofautiana na nyuki wakubwa. Wanafunzi wa Kigoma wana ziwa lenye kina cha meta 1,470 mlangoni mwao, lenye samaki wengi ambao hawapatikani kwingine popote duniani, na kwa upande wa kaskazini wana Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuanza utafiti wake wa sokwe. Swali la mwanafunzi wa Kigoma kuhusu sokwe na binadamu wanafanana wapi na wanatofautiana wapi litapata chakula cha kutosha katika sehemu ya chimbuko la binadamu.

Kila mwanafunzi aandike swali moja tu kwenye daftari. Karatasi za maswali thelathini ambazo shule nyingi huzigawa zina madhara yake, kwani wanafunzi huinamia karatasi wakinakili maneno ya ukutani na hawatazami chochote. Swali moja linalotoka moyoni, na ukurasa mmoja mtupu wa kuchora, vinatosha.

Hatua ya pili: fanyeni mazoezi nyumbani

Mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia makumbusho yoyote atatumia nusu saa ya kwanza akishangaa tu, na nusu saa hiyo ni ghali mno baada ya safari ndefu namna hiyo. Kwa wale wa Tabora, zoezi zuri lipo Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Stanley aliondoka Machi 14 mwaka huo kurudi pwani, naye Livingstone akabaki hadi Agosti 25 alipoanza safari yake ya mwisho. Wafundishe wanafunzi kulitazama tembe lile kama jengo kabla hawajatazama kilichomo: paa la udongo lisilo na mwinamo, unene wa kuta, mlango wa kuchongwa, ua wa ndani. Waulize nani alikaa wapi, na kwa nini madirisha ni madogo. Wale wa Kigoma wafanye zoezi kama hilo Ujiji, kwenye makumbusho ya mahali ambapo Livingstone na Stanley walikutana mwaka 1871, na wajifunze pale kutofautisha kitu cha asili na kitu kilichotengenezwa baadaye ili kukumbusha.

Zoezi la pili ni la nyayo. Tafuteni mahali penye tope laini au mchanga wenye unyevu. Kigoma ufuko wa Kibirizi unafaa, na Tabora sinia pana lililojazwa mchanga litatosha wakati wa kiangazi. Kila mwanafunzi akanyage, apime urefu wa unyayo wake kwa rula, kisha apimwe kimo. Kwa wastani urefu wa unyayo wa mtu ni takriban asilimia 15 ya kimo chake, kwa hiyo darasa linaweza kukisia kimo cha mtu ambaye hawajamwona kwa kupima alama aliyoiacha. Watembee pia, wakimbie, wabebe ndoo kichwani, na walinganishe alama. Msidharau zoezi hili kwa sababu linafanana na mchezo, kwani ndilo litakalowafanya waelewe bila maelezo marefu nyayo za Laetoli, zile alama za viumbe wa kale watakazoonyeshwa makumbusho.

Hatua ya tatu: vibali, fedha na njia

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa kila halmashauri ina taratibu zake na mwalimu mzoefu anazijua. Mkuu wa shule aandike barua kwa afisa elimu akitaja somo, idadi ya wanafunzi, walimu watakaosimamia na mahali pa kulala. Mzazi au mlezi wa kila mwanafunzi atie saini fomu ya ridhaa, na mwenye ugonjwa wa kudumu, kama pumu au selimundu, aandikwe kwenye orodha anayokaa nayo mwalimu wa huduma ya kwanza. Barua nyingine iende makumbusho mapema, ikiomba tarehe na saa, na ikitaja swali kuu la darasa ili mwongoza wageni ajiandae. Uliza katika barua hiyo viingilio vya wanafunzi, ambavyo ni tofauti na vya watu wazima na vya wageni kutoka nje, na uliza namna ya kulipa, kwani taasisi za Serikali hupokea fedha kwa namba ya malipo inayotolewa kabla, na si vizuri kufika langoni na burungutu la noti ukitegemea kuhesabiwa.

Basi la kukodi lazima liwe na leseni sahihi ya LATRA kwa safari hiyo na likaguliwe na askari wa usalama barabarani kabla ya siku ya kuondoka, na si asubuhi ile wanafunzi wakiwa wamekwisha kukaa ndani. Dereva wawe wawili. Kutoka Tabora njia hupita Nzega, Singida, Katesh na Babati, umbali unaozidi kilometa 600, na kwa kundi la watoto ni busara kuugawa kwa kulala Singida au Babati katika shule au nyumba ya wageni ya taasisi inayojulikana. Kusafiri usiku kucha ili kuokoa pesa ya malazi ni akiba mbaya. Wanafunzi wa Kigoma wanaweza kuja Tabora kwa treni ya reli ya kati, ambayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kisha wakaungana na wenzao wa Tabora katika basi moja. Shule mbili zikishirikiana gharama hupungua sana.

Msiache dirisha la basi likapotea bure. Kati ya Singida na Babati barabara hupita chini ya Mlima Hanang', volkano iliyozimika yenye kimo kinachozidi meta 3,400, na kuanzia hapo mtakuwa katika nchi ya Bonde la Ufa. Mwalimu wa Jiografia asimame mbele ya basi na kueleza kwamba majivu ya milima ya namna hii ndiyo yaliyofunika na kuhifadhi mifupa na nyayo watakazozisoma kesho yake, na kwamba ni majivu hayo hayo yanayowawezesha wanasayansi kupima umri wa visukuku. Miamba ya volkano ina potasiamu ambayo sehemu yake hubadilika polepole sana kuwa gesi ya agoni, kwa kasi inayojulikana, kwa hiyo kiasi cha agoni kilichojikusanya ndani ya mwamba huonyesha muda uliopita tangu volkano ilipoutapika.

Jambo moja dogo linalosahauliwa ni sweta. Arusha ipo kwenye mwinuko wa takriban meta 1,400 chini ya Mlima Meru, na likizo ya Juni ambayo shule nyingi huipendelea kwa ziara ndiyo majira ya baridi kali huko.

Hatua ya nne: zungumzeni na wazazi kuhusu chimbuko la binadamu

Walimu wengi huiruka hatua hii kwa woga, kisha huletewa maswali na mzazi baada ya safari. Tabora na Ujiji ni miji yenye misikiti ya zamani na misheni za zamani, na katika darasa moja utakuwa na watoto wa madrasa na watoto wa kipaimara. Sehemu ya makumbusho inayoeleza mabadiliko ya binadamu kwa mamilioni ya miaka itawagusa wote. Ni vema katika kikao cha wazazi mwalimu aeleze waziwazi kwamba wanafunzi wataona mafuvu, zana za mawe na nakala za nyayo. Kwamba wataelezwa wanasayansi wamevipimaje na wamefikia maoni gani. Na kwamba hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa kuiacha imani ya nyumbani kwake. Mimi naona mwalimu asijitie kuamua ugomvi ambao haupo katika muhtasari wa somo. Kazi yake ni kuhakikisha mwanafunzi anaweza kusema kitu gani kilipatikana, wapi, lini, na kwa ushahidi upi kimepewa umri wake. Mwanafunzi akiuliza swali la imani, ajibiwe kwa heshima kwamba swali hilo alipeleke kwa shehe wake au padri wake, na lisidhihakiwe mbele ya wenzake.

Katika kikao hicho hicho yapangwe mambo ya chakula na ibada. Epukeni kuweka ziara siku ya Ijumaa mchana, kubalianeni mahali pa kuswali adhuhuri, na nyama ya njiani inunuliwe mahali ambapo kila mmoja atakula bila shaka.

Hatua ya tano: siku yenyewe, anzeni nje

Boma liko katikati ya jiji, upande wa juu kutoka Mnara wa Saa. Mkifika, msiingie. Wasimamisheni wanafunzi mbele ya jengo kwa dakika kumi wakilitazama kimya, kisha wachore umbo lake: kuta nyeupe, lango, mabawa yaliyouzunguka uwanja wa ndani. Waliokwenda Kwihara watakumbuka kuuliza maswali yale yale. Je, jengo hili lilikusudiwa kumkaribisha mtu au kumzuia? Mlinzi angesimama wapi? Mtu aliyeletwa hapa akiwa amefungwa angeona nini?

Kisha mwalimu wa Historia aeleze kwa ufupi. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa huko Meru, na jeshi la Wajerumani likajibu kwa misafara ya adhabu iliyowaua watu wengi, kuchoma nyumba na kuteka mifugo. Boma lilijengwa baada ya hapo ili utawala ukae juu ya Waarusha na Wameru moja kwa moja, na waliobeba mawe na kusimamisha kuta ni wenyeji wenyewe, kwa kulazimishwa. Maelezo haya yatolewe nje, wanafunzi wakiwa wanaziona kuta, kwa sababu wakishaingia ndani macho yao yatachukuliwa na mafuvu na vipepeo na hawatayasikia tena.

Mwongoza wageni akija, wanafunzi wamsalimie ipasavyo. Akiwa mtu mzima apewe shikamoo na apewe nafasi ya kuzungumza bila mwalimu kumkatiza kila dakika. Waongoza wageni wa makumbusho zetu wanajua mengi ambayo hayakuandikwa ukutani, lakini huyatoa kwa kundi linalouliza.

Hatua ya sita: ndani, kwa makundi na polepole

Gawanyeni wanafunzi katika makundi yasiyozidi 15, kila kundi na mwalimu wake, na kila kundi lianzie sehemu tofauti ili wasisongamane mbele ya kabati moja. Mabegi yabaki kwenye basi. Picha zipigwe pale tu zinaporuhusiwa, bila mwanga wa kamera, kwa kuwa mwanga mkali huchujusha rangi za manyoya na mabawa, na juu ya kioo hutoa weupe mtupu. Kuchora ni bora kuliko kupiga picha, kwani mwanafunzi anayechora fuvu hulazimika kuona mshipi wa mfupa juu ya macho, upana wa magego na mahali uti wa mgongo unapoingilia, na mwenye simu haoni chochote kati ya hivyo.

Katika sehemu ya chimbuko la binadamu, simamieni mambo mawili na mengine yapiteni haraka. La kwanza ni fuvu lililopatikana Oldupai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini akiumwa. Walilipa jina la Zinjanthropus, na sasa wanasayansi huliweka katika kundi la Paranthropus boisei. Umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Fuvu lenyewe huhifadhiwa Dar es Salaam, kwa hiyo waulizeni wanafunzi wanachokiona Arusha ni nini. Wengi huvunjika moyo wakisikia neno nakala, na hapo ndipo mwalimu anapopata nafasi ya kueleza kwamba nakala nzuri hutengenezwa kwa kumimina plasta au resini katika ukungu uliotolewa kwenye mfupa halisi, kwamba vipimo vyake ni vilevile, na kwamba hakuna nchi yenye akili itakayobeba kisukuku cha pekee kukizungusha kwenye maonyesho ili kianguke. Watazame magego yake makubwa na waseme wenyewe kiumbe huyu alitafuna vyakula vya aina gani.

La pili ni nyayo za Laetoli, na hapa kaeni kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Yapata miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilitapika majivu laini, mvua ikanyesha ikayalowesha, viumbe waliotembea kwa miguu miwili wakapita juu yake pamoja na wanyama wengi, kisha majivu yakakauka na kuwa magumu kama saruji, na majivu mengine yakayafunika. Msafara wa nyayo uliofichuliwa mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey una urefu wa karibu meta 27. Mwaka 2016 zikatangazwa nyayo nyingine, zilizochunguzwa na kundi lililokuwa na watafiti wa Kitanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki. Nyayo za mmoja wa viumbe hao wa kale zina urefu wa wastani wa sentimeta 26, na kimo chake kilikisiwa kuwa karibu sentimeta 165. Wanafunzi watoe madaftari yao ya zoezi la mchangani. Wafanye hesabu ya asilimia 15 waone watapata kimo gani, na kama jibu lao linazidi lile la watafiti, wajadili kwa nini. Je, uwiano wa unyayo na kimo kwa kiumbe yule lazima uwe sawa na wetu? Hapo darasa litakuwa limefanya sayansi, si kuitazama tu.

Kwenye wadudu, mwambieni kila mwanafunzi asahau kwanza rangi na uzuri, aangalie kipande kidogo cha karatasi chini ya pini. Mdudu wa makumbusho asiye na lebo inayotaja mahali alipokamatwa, tarehe na aliyemkamata ni pambo tu, kwa sababu mtafiti hawezi kumtumia kujua spishi hiyo iliishi wapi na wakati gani. Watazame pia pini ilivyopita: kipepeo huchomwa katikati ya kifua, lakini mbawakawa huchomwa kwenye ubawa mgumu wa kulia, ili upande wa kushoto ubaki mzima kwa uchunguzi. Anayemtafuta mbung'o atamtambua kwa mabawa yaliyolazwa moja juu ya jingine mgongoni, kama makasi yaliyofungwa, na kwa mdomo ulionyooka mbele ya kichwa. Ajiulize kwa nini huwa ndani ya kasha lililofungwa sana, kisha amuulize mwongoza wageni. Jibu litamshangaza, kwani adui mkubwa wa mikusanyo ya wadudu ni wadudu wengine, mbawakawa wadogo ambao mabuu wao hula vielelezo vikavu hadi kubaki vumbi chini ya pini.

Nyoka, kasa au ndege walio hai wakiwepo uani, wafanywe wa mwisho. Ukianza nao hakuna mtoto atakayetaka kurudi kwenye mawe.

Hatua ya saba: rudini kwenye nyumba

Baada ya viumbe, na kabla ya chakula, chukueni nusu saa katika sehemu inayoeleza historia ya Arusha na utawala wa Wajerumani. Wanafunzi wamekwisha kuliona jengo kwa nje. Sasa watembee katika vyumba wakitafuta alama za matumizi yake ya zamani. Unene wa ukuta upimwe kwa mkono kwenye dirisha. Madirisha yahesabiwe kwa upande wa uwanja na kwa upande wa barabara. Mwanafunzi mmoja katika kila kundi apewe kazi ya kuandika tofauti kati ya jengo hili na tembe la Kwihara, kwani yote mawili yalijengwa na wageni waliokuja na misafara, lakini moja lilikuwa makazi na ghala la wafanyabiashara, na jingine lilikuwa makao ya jeshi.

Kundi lenye nguvu na muda linaweza kuongeza Makumbusho ya Azimio la Arusha, Kaloleni, katika jengo kilipofanyika kikao cha TANU Januari 1967, kabla ya Azimio kutangazwa tarehe 5 Februari. Watoto wa Tabora, ambao hufundishwa mapema kuhusu mkutano wa TANU wa mwaka 1958 mjini kwao, hulielewa haraka. Hata hivyo, kama wamechoka, msiwaburute. Oldupai na makumbusho yake ya kisasa, yaliyofunguliwa mwaka 2017, ni safari nyingine yenye gharama za kuingia Hifadhi ya Ngorongoro, na haifai kubandikwa juu ya ziara hii kwa siku hiyo hiyo.

Hatua ya nane: baada ya kurudi

Ndani ya wiki moja kila mwanafunzi ajibu swali lake kwa ukurasa mmoja, pamoja na mchoro, na aseme kama jibu amelipata, amepata nusu, au swali limebadilika. Waliobadilisha swali wasikatwe alama. Mara nyingi ndio walioona zaidi.

Kisha shule ianzishe kasha lake la wadudu. Kasha la mbao lenye kifuniko kinachobana, lililowekwa povu gumu chini, linatosha. Wadudu wa kawaida wa shambani na bwenini wakamatwe kwa neti, wakaushwe kivulini, wachomwe pini kwa kanuni waliyoiona Arusha, na kila mmoja awekewe lebo ya penseli au ya wino usiofutika: kijiji au mtaa, wilaya, tarehe, jina la aliyemkamata. Vidonge vya naftalini viwekwe pembeni ndani ya kitambaa, mbali na mikono ya wadogo, na kasha likae mbali na jua. Wadudu wasikamatwe ndani ya hifadhi ya msitu au ya wanyama bila kibali, na pembe, magamba, ngozi na mifupa ya wanyamapori visiingizwe kabisa katika mkusanyo wa shule, hata kama mzazi atavileta kwa nia njema, kwa kuwa kuvimiliki bila kibali ni kosa la kisheria. Anayetaka kuonyesha kakakuona amchore.